Biskuti za mbwa za kuoka nyumbani: vipimo, ukaushaji na makosa yanayoziharibu

Biskuti ya mbwa huiva kwa nusu saa, lakini haijawa biskuti mpaka ikauke. Hapo ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapoharibika: trei inatolewa ikiwa imepata rangi nzuri, biskuti zinafungiwa kwenye chombo zikiwa bado na uvuguvugu, na siku ya nne unakuta ukungu mweupe kwenye zile za chini. Mapishi yenyewe ni mepesi na hayahitaji ufundi wa mwoka mikate. Yanahitaji mizani ya jikoni, subira ya kukausha, na macho makali unaposoma lebo za vitu unavyotia.

Tuanze na hizo lebo, kwa sababu biskuti iliyolainika inaweza kurudishwa kwenye oveni, lakini mbwa aliyekwisha kula sumu anahitaji daktari.

Kinachokatazwa, na sababu yake

Siagi ya karanga hupendwa sana na mbwa, na ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa kuliko vitu vingine vyote kwenye mapishi haya, maana inaonekana haina neno. Baadhi ya watengenezaji huitia utamu kwa xylitol, kitu kile kile kinachotiwa kwenye ubani wa kutafuna usio na sukari na kwenye dawa nyingi za meno. Binadamu akila kidogo hadhuriki. Mbwa akila, kongosho lake humwaga insulini nyingi kwa ghafla, sukari ya damu inaporomoka, mara nyingine ndani ya nusu saa, na kiasi kikubwa zaidi huharibu ini. Kwenye lebo unaweza kukuta jina xylitol, alama E967, au maneno yanayomaanisha sukari ya mti wa birch. Chagua siagi ambayo orodha ya viambato vyake ina kitu kimoja tu: karanga. Na ikitokea mbwa amekula chochote chenye xylitol, mpeleke kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo. Usingoje aanze kutapika, kuyumba au kutetemeka.

Ukisaga karanga mwenyewe, zichambue kwanza moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo itoe. Kuvu wa karanga na mahindi hutengeneza sumukuvu, nayo hushambulia ini la mbwa hata kwa kiasi kidogo. Joto la oveni ya nyumbani haliiondoi, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaichoma. Kanuni hiyo hiyo itumike kwa unga wa mahindi: ukinukia uchungu au uvundo, usiutumie.

Vingine vya kuweka mbali kabisa na donge:

- Vitunguu maji, vitunguu saumu na majani yake, vibichi, vilivyopikwa au vya unga. Vinavunja chembe nyekundu za damu, na dalili hujitokeza siku kadhaa baadaye, wakati mwenye mbwa ameshasahau alichompa.
- Zabibu mbichi na kavu. Zinaweza kusimamisha figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, kwa sababu mbwa mmoja huzistahimili na mwingine huugua kwa chache tu.
- Chokoleti, kakao na kahawa. Kakao ikizidi weusi na uchungu, sumu nayo huzidi.
- Karanga za makadamia, ambazo huifanya miguu ya nyuma ilegee.
- Kungumanga na pombe ya aina yoyote.
- Donge lenye hamira ambalo halijaokwa. Linaumuka tumboni na kutoa pombe humo humo.

Vidonge vya supu navyo viache. Vimejaa chumvi, na karibu vyote vina kitunguu. Kama unataka ladha ya nyama, chemsha nyama kwa maji matupu, uyaache yapoe kwenye friji, uondoe mafuta yaliyoganda juu, kisha utumie maji hayo.

Donge la msingi

Vipimo hivi vinatoa biskuti 85 hadi 90 za sentimita 3 kwa 3.

- Unga wa ngano usiokobolewa, gramu 300
- Boga lililopikwa na kupondwa, gramu 150
- Siagi ya karanga tupu, gramu 50
- Yai 1 kubwa, takriban gramu 50 bila ganda
- Maji, kijiko kimoja au viwili, na yatiwe tu donge likikataa kushikana

Pima kwa gramu. Kikombe cha unga uliochotwa na kushindiliwa kinaweza kuzidi kikombe cha unga uliochekechwa kwa robo nzima, na donge hili halina nafasi ya kosa kubwa hivyo.

Kila kiambato kina kazi yake, na ukiijua utaweza kubadilisha bila kubahatisha. Unga wa ngano una gluteni, ile nguvu ya kuvutika inayofanya donge lisukumike jembamba bila kupasuka. Unga mweupe hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini usiokobolewa una nyuzinyuzi na harufu ambayo mbwa huifuata. Boga ndilo linaloleta maji. Sehemu 9 kati ya 10 za boga lililopikwa ni maji, kwa hiyo gramu 150 zinaleta karibu gramu 135. Yai hushika vitu pamoja likipata joto. Siagi ya karanga inaleta mafuta, na mafuta ndiyo yanayofanya biskuti ivunjike mdomoni badala ya kuwa gumu kama kigae.

Sukari, chumvi na poda ya kuokea havina kazi hapa. Biskuti iliyoumuka ina matundu, na hubomoka vipande vipande mfukoni kabla hujafika na mbwa mahali pa mazoezi.

Kuhusu boga: lipike kwa mvuke ukiweza. Likichemshwa ndani ya maji hulewa, na gramu zile zile 150 zinakuwa na maji mengi kuliko ulivyokusudia. Kama limekwisha kulewa, lifunge kwenye kitambaa safi ulikamue, ndipo ulipime. Lipoe kabisa kabla ya kulichanganya na yai. Boga la kopo linafaa likiwa tupu. Lile lililotayarishwa kwa ajili ya keki lina sukari na viungo, na mara nyingi kungumanga ni kimojawapo.

Hatua kwa hatua

1. Washa oveni ifike nyuzi 170 za Selsiasi. Ikiwa ina feni, punguza hadi 150. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei mbili.

2. Kwenye bakuli, koroga boga, yai na siagi ya karanga mpaka usione tena michirizi ya siagi. Siagi ikiwa imeganda, weka chupa yake ndani ya maji ya moto kwa dakika chache. Ukitia unga kabla vitu hivi havijachanganyika, utapata madoa ya mafuta ambayo huungua mapema na kuacha sehemu nyingine zikiwa kavu.

3. Tia unga wote, changanya kwa mwiko, kisha kanda kwa mkono dakika 2 au 3. Donge zuri ni gumu kiasi, halinati kiganjani, na ukilibonyeza kwa kidole alama inabaki. Likiwa linamomonyoka, ongeza kijiko kimoja cha maji ukande tena kabla ya kufikiria cha pili.

4. Lifunike, ulipumzishe dakika 20. Usiruke hatua hii. Pumba za unga usiokobolewa hunywa maji polepole, na donge lililoonekana kunata mwanzoni huwa limetulia baada ya muda huo. Wengi huongeza unga hapa kwa haraka, halafu wanashangaa kwa nini donge linapasuka kingo likisukumwa.

5. Sukuma donge kati ya karatasi mbili za kuokea mpaka unene wa milimita 6. Weka vijiti viwili vya unene huo pembeni mwa donge, fimbo ya kusukumia ipite juu yake. Jicho peke yake halitoshi. Sehemu ya milimita 4 itaungua wakati ya milimita 8 bado ni mbichi katikati.

6. Kata miraba ya sentimita 3 kwa kisu au kwa gurudumu la kukatia. Miraba haina mabaki. Maumbo ya mifupa yanapendeza, lakini kila ukikusanya mabaki na kuyasukuma upya donge linakuwa gumu zaidi, na biskuti za mwisho hazifanani na za mwanzo.

7. Toboa kila kipande kwa uma mara mbili. Mvuke upate njia ya kutokea, biskuti zisivimbe tumbo.

8. Zipange zikiachana nusu sentimita hadi moja. Hazitanuki, lakini hewa lazima ipite kati yake. Oka dakika 25 hadi 30, na nusu ya muda ikifika badilisha trei ya juu na ya chini, uzigeuze pia mbele nyuma. Zitakuwa tayari kwa hatua hii kingo zikibadilika kuwa kahawia na sehemu ya chini ikiwa imara.

9. Shusha oveni hadi nyuzi 100. Zigeuze biskuti, uwazishe mlango wa oveni kidogo kwa kuubana na mwiko wa mbao ili mvuke utoke, na uzikaushe dakika 60 hadi 90.

10. Zima oveni, uziache humo mpaka zipoe, au uzihamishie kwenye wavu kwa saa 2. Zisifungiwe popote kabla hazijapoa mpaka ndani.

Usilionje donge wala usimwonjeshe mbwa. Unga mbichi na yai bichi vinaweza kubeba bakteria kama salmonela, na mikono iliyokanda inaoshwa kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine.

Asiye na oveni anaweza kutumia sufuria nzito yenye kifuniko, akaweka kiti cha waya chini na sahani ya bati juu yake, moto ukiwa mdogo. Biskuti zitaiva kwa dakika 30 hadi 40, lakini sufuria hufungia mvuke ndani, kwa hiyo kukauka ni kwa shida. Ondoa kifuniko robo saa ya mwisho, na biskuti hizo zihesabu kuwa laini: zinakaa friji, na ziliwe ndani ya siku 4.

Mizani ndiyo inayosema kweli

Rangi haisemi biskuti ina maji kiasi gani. Hata ugumu hudanganya, kwa sababu biskuti ya moto ni laini na iliyopoa ni ngumu juu hata kama katikati kuna unyevu. Mizani inatoa jibu.

Donge la vipimo vile lina uzito wa gramu 550. Ukitoa maji yote, vitu vikavu vilivyomo ni kama gramu 340. Biskuti inayokaa bila kuota ukungu inatakiwa iwe na maji asilimia 10 au pungufu, sawa na chakula kikavu cha mbwa kinachouzwa kwenye mifuko. Hesabu inakupeleka kwenye gramu 370 hadi 380 kwa biskuti zote zilizopoa. Zikipima 420, bado zina gramu 40 hadi 50 za maji ya kuondoka: zirudishe kwenye oveni nyuzi 100, upime tena kila baada ya dakika 20. Maji uliyoongeza wakati wa kukanda hayabadilishi lengo hili, maana yanapaswa kutoka yote. Kinachorefuka ni muda wa kukausha. Donge lililobaki kwenye bakuli na mikononi litapunguza gramu chache, si tatizo.

Njia ya pili, isiyo na mizani, ni kuvunja biskuti nene kuliko zote. Ivunjike kwa mlio na rangi ya ndani iwe moja toka ukingo hadi ukingo. Ukiona kiini cheusi zaidi au kidole kikizama, haijakauka. Fanya jaribio hili kesho yake pia, kwa sababu unyevu uliobaki katikati husafiri usiku kucha kuelekea kingo, na biskuti iliyokuwa ikilia jioni inaamka imelegea.

Usiende mbali sana upande wa pili. Kama huwezi kuivunja kwa vidole vya mikono miwili, ni ngumu mno kwa meno ya mbwa mzee na kwa mtoto wa mbwa anayebadilisha meno.

Ngapi kwa siku

Vitafunio vyote vya siku visizidi asilimia 10 ya nishati anayohitaji mbwa. Asilimia 90 nyingine itoke kwenye chakula chake kamili, kwa sababu biskuti hizi hazina madini na vitamini kwa uwiano unaomtosha, hata ukizioka kwa upendo kiasi gani.

Donge zima lina takriban kalori 1,400 na kidogo, zile zinazoandikwa kcal kwenye lebo, hivyo kila biskuti ya sentimita 3 ina kama 16. Mbwa mzima wa kilo 5 anayetembea kiasi hutumia karibu kalori 370 kwa siku: biskuti 2 zinamtosha. Wa kilo 10 hutumia kama 600, apewe 3 au 4. Wa kilo 25 hutumia kama 1,250, na 7 ndiyo kikomo chake. Mbwa mnene au asiyetoka nje apewe nusu ya hapo.

Namba hizi huwashtua watu, hasa wenye mbwa wadogo. Dawa yake ni kisu: kata miraba ya sentimita 1.5 badala ya 3, na kila moja inabaki na kalori 4. Mbwa hapimi ukubwa wa zawadi anapofundishwa. Anachohesabu ni kwamba imekuja, na imekuja mara ngapi. Vipande vidogo hivyo vinaiva mapema, kwa dakika 18 hadi 20, na vinakauka kwa kama dakika 45.

Vipande laini vya maini, kwa mafunzo

Kwa kazi ngumu, kama kumfundisha mbwa arudi anapoitwa wakati kuna mbwa wengine karibu, biskuti kavu mara nyingi haitoshi. Maini yanatosha. Harufu yake ni kali na kipande kinamezwa bila kutafunwa sana, kwa hiyo mafunzo hayakatiki.

Saga kwenye blenda gramu 500 za maini ya ng'ombe na mayai 2 mpaka yawe uji. Changanya na gramu 200 za unga wa shayiri au wa mchele. Mimina kwenye trei ya sentimita 20 kwa 30 iliyotandikwa karatasi, usawazishe. Unene utakuwa zaidi kidogo ya sentimita 1. Oka kwa nyuzi 175 dakika 25 hadi 30. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, katikati pasome angalau nyuzi 74. Bila kipimajoto, kata katikati: pasiwe na uwekundu wala maji ya damu. Acha ipoe kabisa ndipo ukate vipande vya sentimita 1, maana ikikatwa moto hunata kwenye kisu na kumeguka. Kila kipande kina kalori 2 hadi 3.

Hivi havikaushwi, kwa hiyo ni chakula kibichi kwa maana ya uhifadhi: siku 3 hadi 4 kwenye friji, miezi 3 kwenye friza. Vigandishe kwanza vikiwa vimetawanywa kwenye trei, ndipo uvitie mfukoni. Ukivirundika vikiwa na unyevu utatoa tofali moja.

Maini yana vitamini A nyingi sana, na ikilundikana mwilini kwa muda mrefu huumiza mifupa na viungo. Vipande hivi viwe vya siku za mafunzo, visigeuke mlo. Mbwa wa aina ya Dalmatian wasipewe kabisa, kwa sababu miili yao hushindwa kuvunja vizuri purini zilizojaa kwenye maini, na matokeo yake ni mawe kwenye kibofu. Mbwa mwenye ugonjwa wa ini au figo, uliza daktari wake kwanza.

Asiyestahimili ngano

Kabla ya kuilaumu ngano, jua kwamba mbwa wenye mzio wa chakula huathirika zaidi na nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku. Kubadilisha unga huku ukiendelea kutia maziwa hakutamponya anayejikuna. Kama daktari amethibitisha kuwa ngano ndiyo tatizo, tumia gramu 300 za unga wa mchele, mayai 2, boga gramu 120 na siagi ya karanga ile ile gramu 50. Unga huu hauna gluteni, hivyo donge halivutiki. Yai la pili ndilo linaloshika. Usilisukume kwa nguvu. Libonyeze kati ya karatasi mbili mpaka milimita 8, likate hapo hapo, ulihamishie kwenye trei pamoja na karatasi yake. Oka dakika 35, kausha kama kawaida. Zitakuwa na punje punje zikivunjika, na ndivyo zilivyo.

Viazi vitamu ni rahisi zaidi, kwani ni kitu kimoja tu. Vioshe, vikate vipande vya milimita 8 kwa urefu, uvioke kwa nyuzi 120 kwa saa 2 na nusu hadi 3, ukivigeuza nusu ya muda. Vinatoka vimejikunja na kuvutika kama ngozi, na mbwa hutumia muda kuvitafuna. Mbwa anayependa kumeza bila kutafuna akatiwe vifupi, na usiondoke mbele yake mpaka amalize. Hivi navyo hubaki na unyevu katikati, basi viwekwe friji na viliwe ndani ya wiki moja.

Mambo yanayoharibika

Donge linapasuka kingo: ni kavu, au halikupumzika. Lowesha mikono, kanda tena dakika moja, lifunike dakika 10.

Donge linanata kila mahali: boga lilikuwa na maji. Tia unga kijiko kimoja kimoja, usizidi gramu 30. Likiendelea kunata, acha kusukuma; chota kwa kijiko cha chai, ulibonyeze kwa uma, ukaushe nusu saa ya ziada.

Chini kumeungua na katikati ni mbichi: trei ilikuwa karibu mno na moto wa chini, au ni nyeusi na nyembamba. Panda daraja moja, au weka trei mbili moja juu ya nyingine. Usimpe mbwa zilizoungua kwa kuwa tu hupendi kutupa.

Biskuti ni nzuri lakini mbwa anageuza uso: hili huwapata zaidi wanaobadilisha siagi ya karanga kwa mafuta yasiyo na harufu. Tumia maji ya nyama ya kuchemsha mahali pa maji matupu, au badilisha gramu 50 za boga kwa kuku aliyechemshwa na kusagwa. Ukitia nyama, kausha mpaka uhakikishe, na uziweke friji kwa kuwa mafuta ya nyama huchacha upesi.

Harufu ya rangi ya mafuta au ya mbegu kuukuu: mafuta yamechacha. Hakuna ukungu unaoonekana, lakini zitupe. Kwa sababu hiyo usitie mafuta ya samaki kwenye donge. Oveni huyaharibu, na kama mbwa anayahitaji, yatiwe kwenye chakula chake bakulini.

Doa moja la ukungu: tupa chombo kizima cha biskuti. Kukwangua juu hakuondoi nyuzi za ukungu zilizoingia ndani, wala sumu inayoweza kuwa imetolewa na kusambaa bila kuonekana.

Kuhifadhi na kumpa

Zilizofikia uzito wa gramu 370 hadi 380 zinakaa wiki 2 hadi 3 kwenye chombo kinachofunga kabisa, mahali pakavu na pasipo jua. Hewa ya unyevu hufupisha muda huo, kwa hiyo hapo toa za siku tano tu, nyingine ziwe friza, ambako zinakaa miezi 3. Zinapotoka friza, ziache ziyeyuke ndani ya chombo kikiwa kimefungwa. Ukikifungua mapema, hewa ya joto huacha matone ya maji juu ya biskuti baridi na kazi yote ya kukausha inapotea. Andika tarehe juu ya chombo. Usiongezee mpya juu ya kuukuu: maliza, osha kwa sabuni, kausha, ndipo ujaze.

Mara ya kwanza mpe mbwa kipande kimoja, usubiri siku moja. Kinyesi kikilegea, huenda ni nyuzinyuzi za boga na pumba zimemjia nyingi kwa mara moja, punguza idadi. Akitapika, akijikuna au akivimba uso, acha na umpigie daktari. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho asipewe donge lenye siagi ya karanga. Mwokee kwa boga, yai na unga tu, ukiongeza maji kidogo, na hata hivyo daktari wake akubali kwanza.

Mbwa aliyepoteza meno si lazima aachwe nyuma. Loweka biskuti kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5 mpaka iweze kupondwa kwa uma, umpe kwenye kisahani. Ikibaki zaidi ya saa moja, mwaga.